Mashine Haitii Saini

Ununuzi wa umma nchini mwetu sasa hufanyika katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika Julai 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo imeufanya kuwa wa lazima. Hata hivyo, mfumo huo haumwamulii mtu anunue nini. Vigezo vya zabuni bado hutungwa na binadamu. Na siku hizi binadamu huyo, akiwa amezongwa na kazi, hushawishika kuiomba akili unde imtungie.

Sipingi msaada huo. Afisa ununuzi wa halmashauri hushughulikia shule, zahanati na barabara kwa wakati mmoja. Programu inayokagua hesabu za jedwali la bei, au inayomweleza mjumbe wa kamati ya shule kwa Kiswahili chepesi waraka ulioandikwa kwa Kiingereza, ina manufaa ya kweli.

Hatari imo katika vigezo. Tuchukue mfano wa madawati ya shule ya sekondari iliyo Liuli au Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Mashine iliyolishwa nyaraka za dunia nzima haijui njia za vijijini huwaje mvua zikikolea, wala mbao gani hupatikana Mbinga. Itaandika kwa ufasaha kwamba mzabuni awe na uzoefu wa miaka kumi na cheti cha ubora cha kigeni. Sentensi moja ya namna hiyo humfungia mlango seremala wa Mbinga mjini na kikundi cha vijana wa Mbamba Bay, ilhali sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengewe makundi maalumu. Hakuna aliyehongwa wala aliyekusudia. Dhuluma imetendeka kwa lugha nzuri.

Wamatengo hulima milima ya Mbinga kwa ngoro, yale mashimo yanayoyatuliza maji ya mvua yasisombe udongo. Taratibu za ununuzi ni ngoro za hazina ya umma: huipunguzia fedha mwendo ili isiporomoke. Anayetaka mashine izifukie kwa kuwa zinachelewesha kazi, asishangae mvua ya kwanza ikiondoka na shamba.

Kwa hiyo napendekeza masharti matatu. Kwanza, kila rasimu iliyotungwa kwa akili unde itajwe hivyo katika jalada la zabuni. Pili, mwalimu atakayevitumia vifaa hivyo asome vigezo kabla ya tangazo kutoka. Ndiye ajuaye darasa lina wanafunzi wangapi na kama umeme upo. Tatu, nyaraka za wazabuni zisibandikwe kamwe katika programu za kampuni za nje, kwa kuwa tathmini ya zabuni ni siri hadi utaratibu ukamilike.

Mkaguzi atakapofika shuleni na kukuta madawati yamevunjika, au kompyuta zimefungiwa stoo kwa kukosa umeme, hataihoji programu. Atauliza ni nani aliyetia saini. Watumishi wa umma wanaonisoma wajiulize swali hilo leo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, muwaulize.