UFUNDI NA USALAMA: Pedi za Breki Zisingoje Mteremko

Gisimenti, katika eneo la Remera jijini Kigali, ni mahali ambapo pikipiki za abiria hazikosekani mchana wala usiku. Abiria huvaa kofia ngumu, hutaja aendako, na safari huanza. Akielekea katikati ya jiji hupita Gishushu na Kimihurura, kisha barabara huteremka hadi bondeni kabla ya kupanda tena. Katika mteremko huo, maisha ya watu wawili hutegemea vipande viwili vinavyoenea kiganjani: pedi za breki.

Mwendeshaji anapobana mkono wa breki, mafuta husukuma pistoni, nayo pistoni huzibana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Msuguano hugeuza mwendo kuwa joto, na kila mara pedi hulika kidogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Kwa hiyo pikipiki inayobeba abiria kutwa katika vilima humaliza pedi upesi kuliko ile ya tambarare. Hata pikipiki za umeme, zilizoanza kubeba abiria Kigali mwaka 2019, zina breki zinazolika vilevile.

Pedi haziishi bila kutoa habari. Kwanza, mfereji mdogo uliochongwa usoni mwake hufutika. Pili, mafuta ya breki hupungua katika kikopo chake, kwa kuwa pistoni imesogea mbele kuifuata pedi iliyolika. Anayeongeza mafuta bila kutazama pedi hujificha ukweli. Tatu, husikika chuma kikikwaruza chuma. Hapo muda umekwisha, na diski, ambayo bei yake ni kubwa zaidi, imeanza kuharibika. Unene wa pedi ukibaki milimita 2 hivi, zibadilishwe, isipokuwa kitabu cha pikipiki kimetaja kipimo kingine.

Wakati wa kubadilisha, pikipiki isimamishwe mahali tambarare, injini izimwe, na diski iachwe ipoe. Boliti za kalipa zifunguliwe, wala kalipa isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Pini ichomolewe, pedi kuukuu zitolewe. Vumbi lisipulizwe kwa mdomo, kwani baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji. Kifuniko cha kikopo kifunguliwe, kisha pistoni irudishwe ndani polepole. Mafuta yakipanda yapunguzwe, yasimwagike, kwa sababu huharibu rangi ya pikipiki, na ni sumu. Watoto wawekwe mbali. Pedi mpya ziwekwe zote mbili kwa pamoja, zisiguswe na mafuta wala grisi, na boliti zikazwe barabara.

Kuna hatua moja inayosahauliwa na wengi. Kabla pikipiki haijasogea, mkono wa breki ubanwe mara kadhaa mpaka uwe mgumu. Pistoni imerudi nyuma, hivyo mbano wa kwanza haushiki kitu. Askari anayewahi zamu, au baba anayempeleka mtoto shuleni, akiisahau hatua hiyo atalijua kosa lake kwenye makutano ya kwanza. Baada ya hapo, kwa kilomita 300 za mwanzo, breki ibanwe kwa upole ili pedi izoeane na diski.

Mteremkoni, gia ndogo itumike ili injini isaidie kuzuia mwendo. Breki inayoshikiliwa mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu. Mafuta ya zamani yaliyonyonya unyevu huweza kuchemka, na mkono wa breki ukalegea ghafla. Yafaa yabadilishwe kila miaka 2.

Siku ambayo mapato ni haba, bei ya pedi huonekana kubwa, na mwendeshaji hushawishika kungoja wiki moja zaidi. Lakini abiria anayepanda Gisimenti hana nafasi ya kukagua breki. Amemwachia mwendeshaji amana hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao uhai ukibomoka haujengwi tena.