Mtu Asiyeidharau Lugha ya Mtu

Katika Sura ya Ar-Rum tofauti ya ndimi za wanadamu imetajwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kuwa ni katika ishara za Mola wetu. Hayo twayasoma. Lakini ni wangapi kwetu waionao ishara hiyo katika lugha ya bibi aliyeko shamba? Vijana huicheka, na wazazi hunyamaza. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwapa habari za bwana mmoja wa mbali.

Kenneth Hale alizaliwa Marekani mwaka 1934, akakulia katika shamba la mifugo huko Arizona. Alipokuwa shuleni alijifunza Kihopi na Kijemez, lugha za wenyeji wa asili, kwa wenziwe aliolala nao chumba kimoja. Mwaka 1959 alipata shahada ya udaktari, na mwaka uo huo akenda Australia, akakaa na watu wa jangwani waitwao Warlpiri.

Watu hao walikuwa wakihesabiwa kuwa washenzi wasio na ilimu. Hale alikuta kwao mchezo wa wanaume ambao kila neno hugeuzwa kinyume chake. Atakaye kusema kuwa yeye ameketi chini, husema kuwa mwingine amesimama mbinguni. Jaribuni nyumbani, mtaona ulivyo mgumu! Hawezi kuucheza ila aijuaye maana ya kila neno, na ajuaye lipi ni kinyume cha lipi. Basi ilimu ni nini kama si hiyo?

Tangu mwaka 1967 hata 1999 alisomesha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Rai yake, nasi twaiona ni ya haki, ilikuwa kwamba wenye lugha wawe wataalamu wa lugha yao wenyewe, si watu wa kuulizwa maswali tu. Nyumbani kwake alisema Kiwarlpiri na wanawe. Alipofariki mwaka 2001, mmoja wao alimtaja marehemu baba yake kwa lugha hiyo.

Miongoni mwa waliosoma kwake ni Jessie Little Doe Baird, wa kabila la Wampanoag, ambalo lugha yake ilikuwa haina msemaji kwa zaidi ya miaka mia. Ilibaki katika maandishi tu: Biblia iliyopigwa chapa mwaka 1663 ili kuwageuza dini, na hati za mashamba na wasia walizoandika wenyewe. (Nasi tunazo masandukuni barua za wazee wetu kwa herufi za Kiarabu, na mchwa wanazila.) Kwa karatasi hizo, na kwa kuilinganisha na lugha zilizo ndugu zake, walifufua sarufi na maneno. Bibi huyo alipata shahada yake mwaka 2000. Baadaye alizaa binti, akamlea kwa Kiwampanoag tangu uchanga, akawa mtoto wa kwanza baada ya vizazi vingi kuijua lugha hiyo kwa kumsikia mamake.