Labda za Waingereza

Imezuka desturi katika madarasa ya Kiingereza ambayo twaona haifai kuachwa iendelee bila kupingwa. Mwanafunzi aandika, «It may possibly rain tomorrow», na mwalimu, kabla hajafika mwisho wa mstari, amekwisha kulifuta neno la tatu kwa wino mwekundu. Akiulizwa sababu hujibu upesi: «may» maana yake labda, «possibly» maana yake labda, na labda mbili hazipikwi katika chungu kimoja. Alama moja imekwenda. Mtoto arudi kitini akidhani amefunzwa Kiingereza, kumbe amefunzwa hesabu ya kutoa.

Sisi twasema kanuni hiyo si ya sarufi ya Kiingereza. Wenye lugha yao, wasomi kwa wasiosoma, huviunganisha vitenzi hivi visaidizi na vielezi vya shaka kila siku, katika barua, mahakamani na mezani pa chakula. Wataalamu wao nao wamelichungua jambo hili. M. A. K. Halliday aliliandika mwaka 1970. John Lyons akalieleza katika kitabu chake Semantics cha mwaka 1977. Jennifer Coates, mwaka 1983, akalitafutia mifano katika maandishi na mazungumzo ya watu. Na Leo Hoye, mwaka 1997, akatoa kitabu kizima juu ya vielezi hivi na vitenzi hivi. Hawakulihesabu kuwa kosa la kufutwa. Walieleza kwamba kitenzi na kielezi vikiwa na uzito mmoja, shaka hubaki moja, ijapokuwa imesemwa mara mbili. Ni kama watu wawili wachukuao mzigo mmoja kwa mti mabegani. Mzigo haukuongezeka.

Lakini uzito ukitofautiana, mambo hubadilika. Mtu akikuambia, «You may certainly go», hana shaka yo yote juu ya kwenda kwako. Amekupa ruhusa, na «certainly» yaithibitisha ruhusa hiyo. Akisema, «He may possibly go», ruhusa haimo kabisa, imebaki shaka tupu. Basi kielezi ndicho kitujulishacho mara nyingi ni «may» ipi iliyo mbele yetu, maana neno hili lina nyuso mbili. Mwalimu akifutaye kielezi amezima taa aliyowashiwa msomaji.

Wala jambo hili si la mchezo. Tuseme karatasi ya hospitali imeandikwa, «The patient may not eat». Kijana wetu aliyefunzwa kwamba «may» ni labda ataisoma hivi: huenda mgonjwa asile. Naye kwa huruma atapika uji ampelekee, na kumbe mgonjwa amekatazwa chakula kwa sababu ya kupasuliwa asubuhi. Lakini kama ingeandikwa, «The patient may well not eat», maana ingekuwa nyingine kabisa: yaelekea hatakula, basi mjiandae. Ni neno moja fupi tu lililotenga amri na makisio. Je, mwanafunzi ambaye hakufunzwa kuyatazama maneno hayo mafupi atajuaje?

Na hiyo «well» imetutesa kuliko ndugu zake wote. Katika madaftari twaikuta imefasiriwa «vizuri», hata «It may well rain» ikawa «mvua yaweza kunyesha vizuri», habari njema kwa mkulima, lakini siyo iliyosemwa. Mwingereza asemapo «may well» ameukaribia ukweli kuliko asemapo «may» peke yake; ana sababu za kuamini, ila hataki kuapa. Kwetu twasema «yaelekea itanyesha», au «haikosi itanyesha». Tena pana «may as well», ambayo haina shaka yo yote ndani yake, nayo maana yake ni «afadhali tu tufanye hivi, maadam hakuna lililo bora».

Sasa tutazame «possibly» yenyewe inapoandamana na «can» iliyokanushwa. «He cannot possibly be the thief»: huyu hawezi kabisa kuwa mwizi, mlango wa shaka umefungwa kwa komeo. «He may possibly not be the thief»: huenda siye, na mlango uko wazi nusu. Maneno yale yale karibu yote, lakini shahidi akisema la kwanza mkalimani akafasiri la pili, mtu asiye na hatia aweza kulala gerezani. Na katika swali, «Could you possibly open the window?», kielezi hicho hakiulizi habari ya uwezo, ni adabu, ombi la kujinyenyekeza. Kijana asiyejua hujibu, «Yes, I could», akaketi palepale, nao wazee wakamwita hana malezi.

Iko pia «must». Tumeifunga kwa kamba ya «lazima» hata imeshindwa kupumua. «He must surely have arrived» hakumlazimishi mtu kufika. Msemaji hakumwona, anakisia kwa dalili. Nasi tuna njia yetu nzuri ya kulisema: «bila shaka atakuwa amekwisha kufika». Ni ajabu kwamba «surely», neno la hakika, huonyesha mara nyingi kwamba hakika yenyewe haijapatikana.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba wenye lugha huelewana tu. Hawaelewani sikuzote. Mwaka 1951 wachunguzi wa serikali ya Marekani waliandika kwamba shambulio juu ya Yugoslavia mwaka huo lingepaswa kuhesabiwa kuwa jambo liwezekanalo kwa uzito. Sherman Kent, mmoja wa wakubwa wao, alipoulizwa ni kiasi gani, alisema 65 kwa 35 kwamba litatokea. Kisha akawauliza wenzake walioyakubali maneno hayohayo. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20 moyoni, na mwingine 20 kwa 80. Kent aliyasimulia hayo mwaka 1964. Kwa sababu ya matatizo ya namna hiyo, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabia ya nchi limeyafungia maneno yake hesabu: «likely» kwao ni kuanzia 66 katika 100, na «very likely» ni kuanzia 90. Ikiwa wakubwa wa kazi wamelazimika kuyapima maneno ya shaka kwa mizani, sisi twawezaje kuyafuta kwa kalamu bila kuyapima?

Tena tumesikia ikisemwa, na twaikataa kauli hii kwa nguvu, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa shaka hizi, ndiyo maana kila kitu hufasiriwa «-weza». Si kweli. Tuna huenda, labda, pengine, yamkini, asaa, yaelekea, haikosi. Tuna «-nge-» na «atakuwa ame-». Mzee akisema, «Huenda labda akaja kesho», hapana mjukuu amsahihishaye. Hata neno labda lina historia yake: Waarabu wasemapo «la budda» maana yao ni hapana budi, nasi tulilichukua tukalilegeza mpaka likawa shaka, huku tukiihifadhi maana ya kale katika «sina budi». Lugha iliyofanya hivyo haikosi maarifa ya kupima mashaka. Kinachokosekana ni subira ya mfasiri.

Twakubali kwamba wako Waingereza wafunzao uandishi ambao hushauri maneno yapunguzwe, na kwa shauri hilo «possibly» huweza kuachwa. Shauri la mtindo ni jema, na mwalimu aweza kuliandika pembeni mwa daftari. Lakini shauri si kanuni, wala halistahili kumpunguzia mtoto alama.

Afadhali tuandike ubaoni sentensi nne juu ya mtu mmoja aliyeshitakiwa, yenye «cannot possibly», yenye «may possibly», yenye «may well», na yenye «must surely», tuwaulize wanafunzi ni shahidi yupi amemtetea na yupi amemdidimiza, kisha kila mmoja aziseme kwa Kiswahili bila kutumia «-weza» hata mara moja. Na mwalimu ambaye bado ataka kukata alama kwa ajili ya «may possibly», na atuandikie katika gazeti hili atuonyeshe ni kitabu gani cha sarufi kilichomfunza, na ukurasa wa ngapi.