Gari Dogo la Mjukuu

Mama, naandika kutoka Ntalikwa, hapa Tabora. Mwezi huu sitaandika juu ya chanjo wala uji wa lishe. Nataka nikusimulie habari za gari. Usicheke. Ni gari la kweli, lina betri na mota, ila abiria wake ni mmoja tu na ana umri wa miaka minne.

Abiria huyo ni mjukuu wangu wa kwanza, "mume wangu" kama tunavyotaniana mabibi na wajukuu. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia. Alipofika miezi minane shingo ilikuwa haijakaza, na mkono wa kushoto ameukunja ngumi. Mimi muuguzi nilitambua mapema kuliko mama yake, nikakaa na jambo hilo moyoni wiki mbili nikiogopa kumwambia. Ulikuwa mtindio wa ubongo.

Mama, hapa naomba tuelewane. Mtindio wa ubongo si mkosi, si laana, wala si adhabu ya kosa la mama. Ubongo wa mtoto huumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda si mrefu baadaye. Huweza kukosa hewa, au mtoto akapata manjano kali, au homa ya uti wa mgongo. Kinachoathirika hasa ni misuli na mwendo. Wako watoto wengi wanaoelewa kila kinachosemwa mbele yao, ila mdomo na mikono haiwatii.

Sisi Wanyamwezi tunajulikana kwa kubeba. Katika karne ya 19 wazee wetu walibeba mizigo ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, wakipita hapa hapa Unyanyembe. Binti yangu naye akawa mpagazi wa mwanawe: kisimani mgongoni, shambani mgongoni, kanisani mgongoni. Mtoto akafika kilo 14, na mama yake akaanza kulala na mto chini ya kiuno kwa maumivu. Akifika mahali humtandikia mkeka, humlaza, kisha huenda kwenye kazi zake. Mtoto hubaki akitazama wenzake wakisukuma magari yao ya waya.

Siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia jambo lililoniamsha. Alisema mtoto anayebebwa siku zote hajifunzi kuamua, kwa maana anakopelekwa ndiko anakokwenda. Akanieleza kuwa huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Delaware, Profesa Cole Galloway alianzisha mpango uitwao GoBabyGo. Wao huchukua magari ya umeme ya kuchezea, yale watoto wanayopanda, wakayarekebisha kwa ajili ya watoto wasioweza kutembea. Hufunga kitufe kikubwa ambacho hata mkono usio na nguvu unaweza kukibonyeza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, ambaye ni fundi umeme wa magari. Mzee huyu alikuwa hamchukii mjukuu, lakini alikuwa hajui amfanyie nini, kwa hiyo alikuwa akimpita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Mkono upi una nguvu?" Nikamjibu, wa kulia. Kesho yake alikuja na mota ya waipa.

Waipa ni ile fimbo ya kufuta kioo cha gari. Mota yake hutumia volti 12 na huzunguka taratibu lakini kwa nguvu. Yetu huzunguka kama mara 40 kwa dakika. Tairi tulizotumia ni za baiskeli ya mtoto, na kila mzunguko mmoja husogeza gari karibu mita moja. Kwa hiyo kwa dakika moja gari huenda kama mita 40, na mtu mzima anatembea nalo pembeni bila haraka. Tena gia ya ndani ya mota hiyo ni ya namna ya skrubu: mtoto akiachia kitufe, gari husimama lenyewe. Fremu ni ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, sakafu ni ya mbao, na kiti ni cha plastiki kilichokatwa miguu. Usukani mtoto hawezi bado, kwa hiyo mtu mzima huongoza kwa fimbo iliyo nyuma.

Sasa nikiri kosa letu. Betri ya kwanza ilikuwa kuukuu ya gari, ile ya kuongeza maji. Tuliifunga nyuma ya kiti, tukalijaribu gari likiwa tupu. Likaingia kwenye shimo, likainama. Asubuhi nilikuta kitenge nilichofunikia kiti kina matundu manane, mahali ambapo ungekuwa mgongo wa mtoto. Nikamwambia, "Baba, hapa hapandi mtu." Hakubisha. Kazi ilisimama mwezi mzima mpaka tulipopata betri ndogo iliyofungwa kabisa, isiyoongezwa maji.

Kama nyumbani kwako kuna fundi mwenye nia kama ya mzee wangu, msimamie kwa haya:

1. Betri iwe ya kufungwa, ikae ndani ya kisanduku chenye kifuniko, chini na mbali na mwili wa mtoto.

2. Fyuzi ifungwe karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana bila fyuzi huwaka moto.

3. Nyuma kuwe na swichi ya pili ya kukata umeme wote, iliyo mkononi mwa mtu mzima.

4. Mtoto akae wima, mapaja na nyayo vikiwa vimeegemezwa, mkanda upite nyongani. Vitenge vilivyoviringishwa vimzuie kulala upande. Nusu saa yatosha.

5. Chaji betri mahali penye hewa, si chumba cha kulala wala karibu na jiko, kwa maana betri ikichajiwa huweza kutoa hewa inayolipuka. Anayeshika nyaya avue pete na bangili.

6. Tindikali ikimrukia mtu machoni au kwenye ngozi, mwoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mkimbize hospitali. Usipake mafuta wala maziwa.

7. Betri mbovu isivunjwe nyumbani. Risasi iliyomo ndani hudhuru ubongo wa mtoto, hata kwa kiasi kidogo.

Siku ya kwanza tulimketisha chini ya mwembe. Kitufe kikubwa chekundu kilikuwa mbele ya mkono wake wa kulia. Tukangoja. Hakubonyeza. Shangazi yake akanyoosha mkono amsaidie, nami nikanyoosha wangu. Binti yangu, ambaye kwa miaka minne alimfanyia kila kitu, ndiye aliyesema, "Mama, mwacheni abonyeze mwenyewe."

Zilipita kama dakika kumi. Kisha mkono ukaanguka juu ya kitufe, gari likaruka hatua moja, likasimama. Alishtuka. Akatazama mkono wake, akatutazama sisi. Akabonyeza tena, safari hii akaushikilia mkono pale pale. Gari likaondoka kuelekea kwa watoto wenye magari ya waya, babu yake akikimbilia fimbo ya nyuma.

Miaka yote sisi ndio tuliomlaza na kuondoka. Siku ile yeye ndiye aliyetuacha.

Bado hatembei, na sikuahidi kwamba atatembea. Mazoezi yanaendelea, na mgongoni bado anabebwa. Lakini mama, kama una mtoto wa namna hii chumbani, mtoe nje, mpeleke kwa wataalamu, kisha mtafutie jambo moja, hata dogo, ambalo ataliamua mwenyewe. Na mkono wako ukitaka kumsaidia, urudishe. Ngoja dakika kumi.