Tulichungulia Sahani, Tukamsahau Punda

Kabla sijaenda Beijing kusoma muhula mmoja wa uzamili, nilipanda kwanza Nyandira, huko juu Mgeta, kumuaga mjomba. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo safari isiyo na baraka za mjomba ni utoro. Alinibariki. Kisha akanishika mkono: "Mama, huko nyama usile. Kula wali na mboga tu. Wale watu hawachagui."

Simlaumu. Alichosema nimekisikia tangu utotoni: Wachina wanakula mbwa, nyoka, chura, wakihamia mtaani, mbwa wanaanza kupotea. Tulikicheka shule ya msingi. Leo tuna shahada na bado tunakicheka, ila sasa kwa stika za WhatsApp.

Ninagombana na kicheko hicho.

Kwanza, kinatuumiza wenyewe. Mwenzangu mmoja wa darasani anatoka Newala. Siku aliyosema kwao panya wa porini ni kitoweo, jina lake likabadilika. Akaitwa Panya hadi muhula ukaisha, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Na haya yalitokea Morogoro, mji unaojivunia panya! Magawa, panya buku aliyezaliwa hapa mwaka 2013, alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, akayagundua zaidi ya 100 pamoja na milipuko mingine, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza. Kumbe panya hana shida. Shida ni nani anamla.

Na nani kati yetu ni msafi? Mgeta kitimoto ni sherehe. Kwa jirani Mwislamu ni haramu. Mhaya akikutolea senene amekuheshimu. Pweza anayegombaniwa Forodhani, Zanzibar, watu wengi wa bara hawawezi hata kumtazama.

Pili, uvumi huu una ukoo. Enzi za ukoloni, Waluguru walimwogopa mumiani: mgeni, mara nyingi Mzungu, aliyedaiwa kunyonya watu damu ili itengenezwe dawa. Mwanaanthropolojia Peter Pels, aliyefanya utafiti milimani kwetu, aliandika makala kuhusu hofu hiyo mwaka 1992. Ni rahisi kuwacheka wazee. Lakini wao walikuwa wakiishi na watu waliochukua kodi, nguvu kazi na ardhi bila kuomba. Damu ilikuwa lugha yao ya kulisema jambo hilo.

Sisi tumeibakiza hofu, swali tumelitupa. Mwaka 2016 ulivuma uvumi Zambia kwamba Wachina wanasindika nyama ya watu kwenye makopo na kuiuza Afrika. Ubalozi wa China Lusaka ukalazimika kukanusha, naibu waziri wa ulinzi wa Zambia akaomba radhi. Picha zilizosambaa zilikuwa zimetoka kwenye tangazo la mchezo wa video uliozinduliwa mwaka 2012. Lakini nani asubiri ukweli wakati kidole kimeshabonyeza "tuma"?

Sasa tuje kwa punda.

Wakati sisi tunachungulia sahani za watu, punda walikuwa wanachinjwa Dodoma na Shinyanga. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi. Huchemshwa ikatoa gundi iitwayo ejiao, inayouzwa China kama dawa ya kujenga damu. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, akazaa mtoto mmoja. Hakuna machinjio yenye subira hiyo. Ndiyo maana mwaka 2022 Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha kwa miaka 15 bara zima.

Punda akiondoka, ndoo ya maji inarudi kichwani kwa mama na binti yake. Hiyo ndiyo habari. Ilihitaji tuulize nani alitoa vibali, nani alipanga bei, mfugaji alibaki na nini. Sisi tukauliza kama punda ni mtamu.

Basi niseme: ni mtamu. Beijing niliuvunja mwiko wa mjomba. Kaskazini mwa China nyama ya punda katikati ya mkate mkavu wa moto ni chakula cha kawaida, kama chipsi mayai Msamvu. Nilikula nikashiba, wala sikuona aibu.

Aibu ilinikuta dukani. Kwenye duka la dawa niliona maboksi ya ejiao, mekundu, yamepangwa vizuri kama zawadi za harusi. Nilisimama nikijiuliza kama ndani yake kuna ngozi iliyowahi kubeba maji Shinyanga. Maboksi hayakusema. Na kwa miaka yote ile ya vicheko, sikuwahi kuuliza.

Niliporudi nilipanda tena Nyandira. Mjomba hakusubiri hata nikae.

"Ulikula nyama?"

"Nilikula, mjomba. Ya punda."

Alinyamaza kidogo. Nilijiandaa kwa karipio, au kicheko.

"Hao punda wote," akasema, "wanawatoa wapi?"

Mzee ambaye hajawahi kupanda ndege alifika kwenye swali hilo kwa pumzi moja. Sisi wa uzamili bado tunatumiana stika.