MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Katika kurasa hizi wenzangu wameandika juu ya nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa lugha ya taifa. Mimi nataka kusema juu ya uponyaji. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine ukidhani ni mahubiri. Mimi si mhubiri, na utaona hapa chini kwamba hata Ukristo wangu ulinitoroka siku moja nilipouhitaji.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii tumeikamilisha mara nyingi katika mitihani, tukapewa alama yetu moja, basi. Ni wangapi kati yetu wameketi wakajiuliza huyo mgeni ni nani na mwenyeji ana ugonjwa gani?

Maoni yangu ni haya: sisi Wakristo wa Gusii tumezoea kuungoja uponyaji mahali ambapo tumeupangia. Tunaungoja kwenye makambi ya mwezi wa Agosti. Tunaungoja kwenye mikutano ya injili, vipaza sauti vikiwa vimefungwa na wagonjwa wamepangwa foleni. Tunaungoja kwenye kesha. Sisemi ni vibaya, hata mimi huenda. Lakini nafasi nyingi za kuponya na za kuamini huja bila tangazo. Huja tukiwa na haraka, na kwa sura tusiyoipenda. Kwa hivyo tunazipita.

Hebu niwasimulie kisa kimoja. Kijiji chetu kiko upande wa Nyamira, si mbali sana na Keroka, ambapo mpaka wa Kisii na Nyamira unapitia. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo hurauka saa kumi na moja alfajiri nikashika njia ya katikati ya mashamba ya majani chai. Katika njia hiyo kuna boma la nyanya mmoja mkongwe. Sitamtaja jina. Alikuwa na sifa mbaya kijijini. Mara kwa mara watu walimkuta alfajiri ameketi kwenye uwanja wa jirani, amelowa umande, akizungumza na mumewe aliyefariki zamani. Siku moja alikutwa karibu na jikoni kwa watu, na baada ya siku mbili mtoto wa boma hilo akashikwa na homa. Basi maneno yakaanza. Wengine walisema ni omorogi, yaani mchawi. Nilisikia kwa masikio yangu mtu mzima, mwenye familia na Biblia nyumbani, akisema pale bandani tunapopimia majani chai kwamba dawa ya mtu kama huyo ni kiberiti. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, na sijisifu kwa hilo.

Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nikifika karibu na boma lake naharakisha hatua. Sikumwamkua hata mara moja.

Ijumaa moja ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi ya asubuhi ya Chama cha Wakristo hapa shuleni. Nilikuwa nimeandaa somo langu vizuri kwenye karatasi, na kichwa chake kilikuwa "Kuwaombea Wagonjwa". Ukungu ulikuwa mzito. Nilipofika kwenye kona nilisikia mtu akikoroma kama anayeumia. Nikamulika tochi. Alikuwa yule nyanya, ameanguka mtaroni, leso imeloa tope, mguu mmoja umekunjika chini yake.

Wasomaji wapenzi, nataka niseme ukweli. Nilimpita. Nilitembea kama hatua ishirini mbele, moyo ukinidunda, huku nikijiambia kwamba nikichelewa wenzangu watakosa maombi. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu ikisema polepole, "Bwakire buya, mwana one." Habari ya asubuhi, mwanangu.

Nikasimama. Nilijiuliza, mchawi gani huyu anayemwamkua mtu akiwa mtaroni? Mimi mzima sikumwamkua mwaka mzima, na yeye aliyeanguka ndiye anayeniamkua. Nikarudi. Nilimwinua, nikamfunika sweta yangu ya shule, nikamfikisha kwenye mlango wake. Mikono yake ilikuwa baridi kama jiwe. Aliniita kwa jina la mwanawe, akaniuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Hapakuwa na ng'ombe.

Nilikimbia nyumbani kumwita mama. Mama huniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Alipumua kwa nguvu akaniuliza, "Baba, umemshika kwa mikono yako?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, na bado niko mzima." Alinyamaza kidogo. Kisha akajitwika leso begani, akaita kijana wa bodaboda, tukampeleka kituo cha afya. Maombi ya Ijumaa hiyo sikuyaongoza. Karatasi yangu ilirudi nyumbani ikiwa na tope.

Kule kituoni daktari alimpima, akamtibu mguu, akakuta pia shinikizo la damu liko juu. Halafu akamwuliza maswali rahisi: leo ni siku gani, una watoto wangapi, hapa ni wapi. Hakujua. Daktari akatueleza kwamba nyanya ana maradhi ya ubongo yanayoitwa dimensha. Mtu husahau, huchanganya mchana na usiku, hutoka akatangatanga, na hupotea hata kwenye njia aliyoizoea tangu ujana. Kumbe yule tuliyedhani anatembea usiku kuroga watu alikuwa akitafuta kwake!

Je, alipona? Hapana, kumbukumbu zake hazikurudi. Daktari alisema wazi kwamba maradhi hayo hayana dawa ya kuyaondoa kabisa, ila mgonjwa huhitaji kutunzwa, kulishwa vizuri na kulindwa asipotee. Lakini mengine yalipona. Mama alimweleza mama wa yule mtoto wa homa. Yule mama alilia, na sasa ndiye humpelekea nyanya uji. Mwanawe aliyekuwa mjini miaka mingi aliitwa na mzee wa kijiji akarudi, akarekebisha mlango na ua. Yule wa kiberiti sijamsikia tena akizungumza habari hiyo. Na mimi naamini nilipona ugonjwa wangu wa kuogopa, ambao sikujua ninao. Hapo ndipo nilipoielewa methali. Nyanya ndiye aliyekuwa mgeni, na sisi wenyeji ndio tuliokuwa wagonjwa.

Labda utaniambia kisa kimoja si hoja. Basi tazama kwingine.

Kwanza kabisa, tazama Biblia yenyewe. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili hakuponywa kwenye mkutano. Bwana Yesu alikuwa safarini kwenda nyumbani kwa Yairo, msafara una haraka, naye akaja kwa nyuma na kugusa vazi. Yesu alisimama. Petro na Yohana nao walikuwa wakienda kusali hekaluni walipomkuta kiwete mlangoni. Laiti wangesema, "Tutachelewa maombi," kama nilivyosema mimi! Naamani naye, jemadari mkubwa wa Shamu, alipata habari ya kupona kwake kutoka kwa kijakazi mateka, msichana mdogo asiyetajwa hata jina. Mara kwa mara uponyaji ulitokea njiani, na ulipitia kwa mtu asiyetazamiwa.

Pili, tuangalie hapa kwetu. Wengi wenu mnajua Tabaka, kule kunakochongwa mawe ya sabuni. Kuna hospitali ya misheni pale yenye jina la Mtakatifu Kamilo. Je, mnajua huyo Kamilo alikuwa nani? Alizaliwa Italia mwaka wa 1550. Alikuwa askari na mcheza kamari, akacheza mpaka akafilisika. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Kidonda hicho kilimfikisha hospitali moja mjini Roma, na humo akaona jinsi wagonjwa walivyotupwa bila utunzaji. Akaanza kuwatunza yeye mwenyewe, kisha akaanzisha shirika la kuwahudumia wagonjwa, ambalo Papa alilikubali mwaka wa 1586. Alifariki mwaka wa 1614. Kidonda kile cha mguu alikaa nacho maisha yake yote, lakini kwa ajili yake wagonjwa wasiohesabika wametunzwa, hata hapa Gusii, mbali sana na Roma. Kama si kidonda, pengine angebaki kwenye kamari.

Tatu, tukumbuke mababu zetu. Jamii ya Abagusii inajulikana ulimwenguni kwa ababari, wale mabingwa wa jadi waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kumwondolea maumivu yasiyokwisha. Wasomi wa udaktari kutoka nchi za nje waliandika habari zao. Sasa mimi nauliza: watu ambao mababu zao walijua kwamba kichwa huumia na hutibiwa, inakuwaje leo tukimwona mzee ambaye kichwa chake kimechoka, tunakimbilia kiberiti?

Na hili la kiberiti si hadithi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa moto hapa Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi, na nyumba nyingi zikateketezwa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Nchi nzima ilituzungumzia. Wamisionari walifika Nyabururu na Nyanchwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Zaidi ya miaka mia moja ya injili! Karibu kila kilima kina kanisa, na wengi waliokuwa kwenye makundi hayo bila shaka wana majina ya ubatizo. Sijui kama katika wale waliouawa alikuwemo mwenye maradhi kama ya nyanya yetu. Ninalojua ni kwamba hakuna aliyepewa nafasi ya kuulizwa maswali rahisi na daktari.

Rafiki yangu mmoja wa kidato cha nne alinipinga vikali nilipomsimulia haya. Alisema, "Lakini hata Biblia inataja wachawi. Unataka kusema hawako?" Nilimjibu kwamba mimi sijabishana na Biblia. Ninachosema ni kwamba Biblia haikumpa mtu yeyote kijijini kwetu ruhusa ya kuhukumu usiku na kuchoma asubuhi. Hata sheria ya uchawi iliyoandikwa hapa Kenya mwaka wa 1925 ilihesabu kumshutumu mtu kuwa mchawi kama kosa. Tena, aliyeambiwa awapende hata adui zake atasemaje mbele za Mungu akimchoma jirani?

Wengine nao husema kumpeleka mgonjwa hospitali ni upungufu wa imani. Hapana! Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu. Kuomba na kupeleka mtu hospitali ni kama mguu wa kulia na wa kushoto, ukitumia mmoja tu utarukaruka na kuchoka. Mama alimwombea nyanya juu ya bodaboda, na dereva akaitikia amina bila kupunguza mwendo.

Sasa tufanye nini sisi wanafunzi? Nina mapendekezo machache, na hayahitaji pesa.

Kwanza, tuamkuane. Sisi wa kutwa tunapita milango mingi ya wazee asubuhi na jioni. Salamu ni bure, na ndiyo iliyonirudisha mimi. Pili, tukiona mzee anatangatanga, tusianze hadithi. Tumrudishe kwao, kisha tuwaambie wazazi, mzee wa kijiji au naibu wa chifu, na tuwahimize jamaa zake wampeleke akapimwe. Tatu, Chama cha Wakristo na Chama cha Kiswahili viungane kuwatembelea wazee walau mara moja kila muhula. Tutawachotea maji, nao watatupa methali na hadithi za kuandika katika jarida hili. Nne, mtu akitaja kiberiti, usicheke. Kicheko changu siku ile kilikuwa kuni.

Walimu wetu nao nawaomba, kwa heshima kubwa, watupe nafasi ya kufundishwa juu ya maradhi haya ya uzeeni kama tunavyofundishwa juu ya malaria. Sisi ndio tutakaokuwa na wazazi wakongwe kesho. Na tukijaliwa, sisi wenyewe tutazeeka.

Kwa kumalizia, siku hizi nikifika kwenye kona ile napunguza mwendo. Nyanya hunijua leo, kesho akanisahau. Kila mara huniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami humweleza upya. Siku nyingine nachelewa, na mwalimu wa zamu ananiandika kwenye kitabu chake. Nakubali adhabu, kwa sababu sheria ni sheria. Lakini sitampita tena. Ewe msomaji mwenzangu, mgeni wako naye labda yuko njiani, na labda hana sura ya mgeni. Mtazame vizuri kabla hujaruka mtaro.

Mungu awabariki nyote.