Wazazi Wenye Shule

Katika mambo ya elimu, mtoto ni wa nani: wa Serikali, wa Kanisa, au wa baba na mama yake? Huko Marekani swali hilo lilifika mbele ya majaji. Mwaka wa 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za Serikali. Masista Wakatoliki wenye shule huko waliipinga mahakamani, na mwaka wa 1925 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitangua, ikithibitisha haki ya wazazi kuongoza malezi ya watoto wao.

Haki hiyo ilikuwa na gharama. Mzazi aliyechagua shule ya Kanisa alilipa kodi ya kuendesha shule za Serikali, kisha akalipa karo. Mzigo ulivumilika maadamu masista walifundisha kwa posho ndogo tu. Katika miaka ya 1960 shule hizo zilikuwa na watoto zaidi ya 5,000,000. Baadaye masista wakapungua, ikabidi kuajiri walimu wa mshahara, karo zikapanda, na shule nyingi zikafungwa. Kufikia mwaka wa 2020 watoto hawakutimia 2,000,000.

Ndipo baadhi ya wazazi walipoanzisha shule wenyewe, bila kungoja parokia. Kazi hiyo Wakenya waliochangia shule za Harambee wanaifahamu vema. Hata jina si la kujitwalia: sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983 yakataza shule kujiita Katoliki bila idhini ya wakuu wa Kanisa.

Lakini ugumu mkubwa haumo katika fedha wala idhini. Mzazi aliyetoa fedha na kuketi katika halmashauri hudhani aweza kumwamrisha mwalimu darasani, hasa mwanawe anapoadhibiwa. Shule haiendeshwi hivyo. Halmashauri humchagua mwalimu mkuu na kukagua hesabu. Ufundishaji humwachia yeye.

Na nyumbani je? Mtaguso wa Vatikano mwaka wa 1965 uliwataja wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Cheo hicho hakihamii kwa mwalimu kengele ya asubuhi inapolia. Baba aweza kuwa mwasisi wa shule, jina lake likaandikwa ukutani, naye asijue mwanawe yumo darasa gani. Walimu humtambua mtoto wa namna hiyo mapema: daftari lake la kazi ya nyumbani hutiwa sahihi na dada yake mkubwa.